Kadi Moja ya Kuingia Fasi Yote

Excellence Monsieur le Ministre mwenye hakufika, Mukubwa wa territoire mwenye alituma chapeo yake, ile kofia iko ku kiti, batata ba mission, bamama ba soko, na mi mwenyewe, Tata Kitenge, Président wa bachimbaji ba Kolwezi tangu barabara haiyatiwa goudron, bonjour! (Makofi ya bantu babili.)

Mulikuwa munateseka: kadi moja ya mulango wa mugodi ya Kasulo, ingine ya Kisenge, ingine ya Musumba, na mot de passe, neno ya siri, ya kila moja mumefunga mu kitambaa ya kichwa. Imekwisha! Mi niliwaza, na hii kichwa munaona, ile banaita authentification fédérée: Kisenge hakuyue, anauliza Kasulo, "Huyu ni mutu wenu?", Kasulo anaitika, anakupa jeton, sawa kikaratasi yenye muhuri, na mulango unafunguka, sawa vile chefu wa quartier anaandikiaka mugeni barua. Programu iko mu Python, inakaa mu cloud, na itaingiza bantu elfu makumi ine na nusu. (Sauti: "Nusu ya mutu gani?")

(Mama Laurentine, muuzaji wa madini, anasimama: "Tata Président, gunia zangu kumi na ine ziko ku mulango wa depo tangu juzi. Kadi inakatala. Leo saa sita banafunga!")

Utulivu, mama! Mi nasema juu ya siku zenye zinakuya, we unasema juu ya gunia! (Kicheko.) Jeton ikiisha saa yake, système inaomba ingine yenyewe, we hauyue hata kitu. Hii ndiyo akili! ("Saa sita, tata!") Nimesikia, masikio yangu ni mazima.

Kadi moja! (Oyee!) Mulango moja! (Oyee!) Kitenge moja! (Mama Laurentine anaangalia saa.)

Nimalize na aksanti. Aksanti kwa ingénieur Kanku, mwenye ataandika laini ya kwanza ya programu siku tutamupata. Aksanti kwa serveur yenye tutanunua. Na aksanti kwa mulinzi Kazadi: leo asubui kadi yangu, namba moja, ilikatala ku mulango wa hii salle, akauliza nani ananiyua, bote mukanyamaza, Mama Laurentine peke yake akasema, "Muache aingie, namuyua."

Basi mama, twende ku depo mbele ya saa sita, mi niseme nakuyua. Na kama mulinzi wa kule haniyue, we useme tena juu yangu.