Boti ya Mama Nauli Imegoma Kuwaka

Jumatatu, 4 Machi

Shule imekwisha, na asubuhi hii mama ameamua maisha yangu huku akipiga mswaki. Niende karakana ya mjomba nijifunze injini za boti. Nikishindwa, nitauza vifungo dukani kwa mama mdogo. Vifungo. Miaka yote ile ya fizikia, ili nije nipange vifungo kwa rangi.

Tabu ni moja: mjomba anataka mwanafunzi mmoja tu, na nimemkuta mtoto wa mama mkubwa amekwisha kaa kwenye kigoda cha mwanafunzi. Natakiwa nimwite kaka. Wenzake humwita Mtaalamu, kwa sababu huchomeka bisibisi kwenye mfuko wa shati kama daktari anavyochomeka kalamu. Leo amenieleza betri ni nini. Nimeitikia kwa kichwa, maana nikitaka kubishana na mtu uso kwa uso sauti hunikauka. Lakini hapa naandika: betri yenyewe alikuwa ameishika juu chini.

Boti iliyoko uani ni ya mama anayevusha abiria. Wanamwita Mama Nauli. Injini yake ilikuwa ikimzimikia katikati ya maji. Mjomba amekuta waya uliooza, amebadilisha, injini ikanguruma ndani ya pipa la maji. Mwenyewe ataifuata Ijumaa. Siku hiyo hiyo, kasema mjomba, ataamua nani anabaki na kigoda.

Jumanne, 5 Machi

Nina mpango. Mjomba alikwenda kwa mteja, Mtaalamu alikuwa getini akimfundisha muuza maji kazi ya kuuza maji. Nikafungua kifuniko cha injini na kuchomoa waya mmoja wa koili, kile kidude kinachozalisha cheche. Kesho injini itakataa, Mtaalamu atatokwa jasho, kisha mimi nitanyoosha kidole. Basi. Mpango mwema kwa mtu mwenye haya, hauhitaji hotuba.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nilipoinama nywele zikanifunika macho. Bahati nzuri, ubavuni mwa injini palikuwa na kamba nyekundu iliyojiviringa kama waya wa simu za zamani, ina kipande cha plastiki mwishoni, imebanwa tu chini ya kitufe chekundu. Nimeivuta nikafungia nywele. Inashika kuliko riboni. Mafundi huacha takataka zao popote.

Jumatano, 6 Machi

Injini imekataa. Mtaalamu akachomoa plagi, akaiegemeza kwenye chuma, akaniambia nivute kamba ya kuwashia. Hakuna cheche. Akatangaza kwamba plagi imechoka. Akaweka mpya. Hakuna cheche. Akatangaza kwamba hata hii mpya imechoka. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mjomba alikuwa anakunywa chai, anatazama. Nikanyoosha kidole. Akachungulia, akauona waya, akasema eh, binti huyu ana jicho. Moyo wangu ulicheza ngoma. Akauchomeka waya, akaniambia nivute. Nikavuta. Kimya. Nikavuta tena mpaka bega likalia. Kimya.

Mjomba akasema jicho lipo, cheche haipo. Yeye ana kazi ng'ambo mpaka Ijumaa. Atakayeleta cheche ndiye mwenye kigoda.

Alhamisi, 7 Machi

Sasa nimeelewa. Mtaalamu naye ameharibu kitu kwa makusudi. Binadamu wengine hawana haya. Mtu anaichezea boti ya mama wa watu kwa sababu ya kigoda.

Tumefuata umeme kutwa. Betri nzima, koili nzima, waya zote nzima. Mtaalamu anashika mita kama anashika samaki aliye hai. Mwishowe ikaonyesha kwamba umeme wa cheche unakimbilia kwenye chuma cha injini badala ya kwenda kwenye plagi, na njia yenyewe inapitia kile kitufe chekundu. Mtaalamu akakitazama sana. Akasema kinakaa kama kimekosa mwenzake. Mwenzake! Kitufe kimekuwa bwana harusi. Akaniuliza kama nimeona kitu chochote kimeanguka. Nikatikisa kichwa kwa nguvu mpaka kamba ikanichapa shingoni.

Ijumaa, 8 Machi

Siku mbaya, nitaandika haraka.

Mama Nauli amefika, abiria wake wanasubiri gatini. Mjomba akavuta. Kimya. Mama Nauli akaitazama injini, akamtazama mjomba, akanitazama mimi, akazunguka nyuma yangu. Akasema, "Samahani mwanangu, mbona umesuka nywele kwa injini yangu?"

Akaichomoa kamba kichwani pangu, akabana kile kiplastiki chini ya kitufe. Mvuto mmoja, injini ikanguruma. Kumbe nahodha huifunga mkononi. Akitumbukia majini, kamba inachomoka na injini inazima. Isipokuwapo, cheche hakuna. Sasa mtu angejuaje? Haikuandikwa popote.

Mjomba akaniuliza, na ule waya wa koili je? Sauti ikanikauka. Akasema basi, ameshajibiwa.

Mtaalamu amepewa kigoda. Amesema alishuku tangu mwanzo. Halafu, mbele ya watu wote, amenipa mpira wa kufungia nywele.

Jumatatu, 11 Machi

Duka la vifungo. Mama mdogo ni mwema, lakini mshonaji wake anakalia ile cherehani kama kiti cha enzi, na amenieleza uzi ni nini.

Nimepata mpango. Alipotoka kula, nimelegeza mkanda wa cherehani kidogo tu. Kesho itakataa, nami nitanyoosha kidole.

Na nilipoinama nimeokota kikopo kidogo cha chuma, kilikuwa kimejikalia chini ya sindano na kiuzi ndani yake. Nimekifunga kwenye ufunguo wangu. Kinang'aa vizuri.