Kulowa kwa Mwanamfalme Kenny

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Ufalme wa Kando, kuanzia Nengo hadi bandari ya Rubona, pamoja na wapita njia wanaokwenda zao Mahoko kununua viazi, kwamba Mwanamfalme Kenny amelowa. Amelowa kuanzia nywele hadi soksi. Wananchi wanaombwa wawe watulivu.

Mimi ni Jean de Dieu, Naibu Mkurugenzi wa Mikono na Miguu katika Wizara ya Ukavu wa Mwanamfalme. Mtaani wananiita Jado, lakini hilo haliihusu Wizara. Nilikuwepo. Natoa taarifa hii kwa sababu sokoni mmeshaanza kuieleza ovyo, na aibu ya serikali ni vizuri ielezwe na serikali yenyewe.

Kwanza historia, kwa ufupi. Mwanamfalme alipobatizwa alipiga chafya. Jioni ile ile ikaundwa Wizara ya muda ya kumkinga na maji, na kwa kuwa ilikuwa ya muda tu, ilijengewa ghorofa. Tangu hapo hakuna tone lililomgusa bila idhini. Alioga kwa taulo kavu na ushauri. Chai alikunywa kwa kijiko, Afisa wa Midomo akiwa amesimama pembeni na kitambaa. Mvua ikinyesha, na mvua ya Gisenyi haibishi hodi, tulimweka chini ya meza ya mikutano, sisi tukaendelea na mkutano. Dirisha lake pale ikulu, Nengo, linatazama Ziwa Kivu. Tuliliacha wazi kwa sababu wataalamu wetu walithibitisha kwamba kutazama maji hakuloweshi. Hawakutuambia kwamba madirisha pia yanaingiza nyimbo.

Sasa, kuna sheria iliyo kongwe kuliko Wizara. Siku mrithi wa kiti anapotimiza umri wa utu uzima, lazima aende katikati ya ziwa kabla jua halijazama, amsalimie Malkia wa Sambaza. Sambaza mnawajua: visamaki vya kukaanga, unavila na macho yake, vinakutazama mpaka mwisho. Malkia wao ni sambaza vilevile, ila ana ukubwa wa lori. Asiposalimiwa anakasirika, anawakusanya sambaza wote na kuhama nao. Na mrithi aliyeshindwa kumsalimia hunyang'anywa kiti, kikaenda kwa Waziri wa Ukavu, Mheshimiwa Hakizimana, akiwa Msimamizi wa Muda wa Kudumu.

Hicho kipande cha mwisho kiliongezwa na Mheshimiwa Hakizimana mwenyewe, ili kuokoa muda.

Siku yenyewe ilipokaribia, sambaza wakaanza kuadimika. Tukatoa tangazo kwamba hawajaadimika, wamepungua kuonekana. Mama Nyirasafari, ambaye anauza samaki Rubona na ana sauti ya kuita pikipiki iliyo ng'ambo ya kilima, akapanda hadi lango la ikulu akiwa na karai tupu kichwani.

"Jado," akaniambia, "mi niko na wateja wanataka sambaza. We unanipa communiqué. Nikaange communiqué?"

"Mama, tumeunda kamati."

"Kamati iko na mafuta? Angalau itajikaanga yenyewe."

Mama Malkia Kamikazi, mamake Mwanamfalme, alimsikia kutoka varandani. Akaamuru mtoto aende ziwani, akasalimie, arudi, mambo yaishe. Mheshimiwa Hakizimana akainama na kusema ni wazo zuri sana, na kwamba Wizara itamsindikiza ili kuhakikisha anakwenda bila kufika. Nadhani alimaanisha bila kulowa. Sikuuliza, mimi ni naibu.

Mashua za Rubona mnazijua zinavyofanya kazi: tatu zinafungwa pamoja kwa miti mirefu, zinakwenda kama mtu mmoja mwenye miguu mitatu. Wapiga kasia wanaimba, na wimbo ndio unaovuta makasia. Na desturi yao ni kwamba yeyote aliyekaa tu bila kupiga kasia, anaimbwa yeye. Wanaimba tumbo lake, mwendo wake, mambo yake ya nyumbani, na bila hayo mashua haiendi.

Wizara iliona hatari hapo. Tukafanya marekebisho mawili ya kitaalamu.

Rekebisho la kwanza, tuliandika wimbo mpya, wenye heshima. Ulikuwa na vyeo vya wote waliomo mashuani, na kila cheo kinapotajwa, mpiga kasia anainua kasia, anavua kofia na kuinama. Rekebisho la pili, tuliweka itifaki ya kupiga kasia. Mashua ya kulia ina hadhi kuliko zote, kwa hiyo ilianza. Ya katikati ilifuata baada ya kuombwa. Ya kushoto ilisubiri maelekezo.

Tuliondoka Rubona mchana, bendera juu. Mwanamfalme tulimfunga kwa karatasi za nailoni kuanzia shingoni, kama kochi jipya linalopelekwa kwa wakwe. Juu yake jaketi la kuelea. Kichwani kofia ya kuogea, ingawa hakuwahi kuoga kwa maji.

Baada ya muda, Janvier, kiongozi wa wapiga kasia, kijana mwenye meno mengi na adabu ya kukadiria, aligeuka nyuma.

"Papa Ministre, tunazunguka."

"Tunasonga mbele kwa mzunguko," akasema Mheshimiwa Hakizimana.

"Ile kanisa ya pale juu imenipita tena. Sasa inaanza kunisalimia."

"Kushoto wasubiri maelekezo."

"Kushoto wamelala, patron."

Ilikuwa kweli. Kulia walikuwa wakipiga kasia kwa nguvu za cheo chao, kushoto walikuwa wakikoroma, na sisi tulikuwa tukizunguka mbele ya bandari kama jogoo aliyekatwa kichwa, tena kila cheo kilipotajwa tulisimama kuinama. Wafanyakazi waliokuwa wanatoka kiwandani walikaa ufukweni na soda zao. Watu wakaita ndugu zao kwa simu waje waone. Mama Nyirasafari alisimama juu ya karai lake alilolipindua.

"Jado! Mukifika Bukavu mutusalimie watu!"

Nilimpungia mkono kwa niaba ya Wizara.

"Waziri," ikasema nailoni. Ilikuwa sauti ya Mwanamfalme. "Jua iko wapi?"

"Jua liko mahali pake, Mtukufu."

"Linashuka."

"Linatekeleza majukumu yake, Mtukufu. Nasi tutekeleze yetu." Na Mheshimiwa Hakizimana akaitazama saa yake kwa upendo ambao sijawahi kumwona akiutoa kwa mtu.

Ndipo nailoni ikaanza kuimba.

Lazima niwaeleze jambo hili lilivyotokea. Kila jioni wavuvi wakipita chini ya Nengo wanaimba, na kila jioni mtoto alikuwa dirishani. Kumbe alikuwa anajifunza. Kiswahili chake chote alikitoa kwa wavuvi, sisi tukidhani ni cha mwalimu tuliyemlipia. Akaimba:

*Tumbo ya Waziri imefika kisiwa ya Idjwi,*
*Waziri mwenyewe bado iko Rubona.*
*Vuta, vuta!*

Kushoto wakaamka. Makasia yote yakaingia majini kwa pamoja, kulia, katikati, kushoto, bila kuombana, na mashua ikaruka mbele hivi kwamba Afisa wa Midomo akajikuta amekaa mapajani mwangu.

"Wimbo huo haujapitishwa!" akasema Mheshimiwa.

"Umepita, papa," akasema Janvier. "Angalia Rubona iko wapi."

Rubona ilikuwa imeshakuwa ndogo kama sabuni. Mwanamfalme akaendelea. Aliimba ndevu za Waziri, kwamba zimeajiriwa kwa mkataba. Aliniimba mimi, kwamba nalinda miguu ya mwenzangu na yangu imepotea ndani ya viatu vya kuazima. Ni uchochezi mtupu. Nakiri kwamba mguu wangu wa kulia ulipiga mdundo, lakini ulifanya hivyo nje ya saa za kazi.

Tulifika katikati jua likiwa limebaki mkono mmoja juu ya milima ya Congo. Maji yakatulia. Kisha yakavimba, na Malkia wa Sambaza akatoa kichwa. Alikuwa wa fedha mwili mzima, jicho lake moja lilikuwa pana kama sinia ya arusi, na mdomo wake ulifunguka na kujifunga bila haraka, kama mtu anayetafuta neno.

"Bonsoir," akasema. "Nani ananisalimia leo?"

Mwanamfalme akafurukuta ndani ya nailoni. Mheshimiwa Hakizimana akawahi kusimama. Akakohoa, akafungua hotuba.

"Kwa niaba ya Mwanamfalme, ambaye yupo, na kwa ruhusa yake, ambayo itafuata, naomba kwanza kuwatambua wageni waalikwa."

Akatutambua. Akamtambua Afisa wa Midomo. Akaitambua bendera. Akawatambua waliopata dharura wakashindwa kuja. Malkia akapiga mwayo, na ndani ya mwayo ule ungeweza kuegesha basi. Jua likagusa mlima.

"Waziri, nataka nimusalimie mi mwenyewe."

"Mtukufu, kwenye ratiba uko baada ya neno la shukrani."

"Jua inaingia."

"Ratiba haina jua, Mtukufu."

Mwanamfalme akamgeukia Janvier. Alinyoosha shingo juu ya ukingo, akayatazama maji.

"Janvier. Maji iko namna gani?"

"Inalowesha."

"Sana?"

"Mara ya kwanza tu. Kisha unakuwa umeshalowa, inaisha."

Akaanza kuchana nailoni. Mimi, kama Naibu Mkurugenzi wa Mikono, nilikuwa na wajibu wa kuizuia mikono hiyo. Nikaishika. Akanitazama. Nikakumbuka kwamba sina idhini ya kuishika bila glavu, nikaiachia.

"Mtukufu," akasema Mheshimiwa Hakizimana kwa upole, "ukilowa utapoteza kila kitu."

"Kila kitu gani? Ile meza?"

"Kiti chako."

Mwanamfalme akafikiri. "Na hii mama akiondoka na samaki, watu ya Rubona watakula nini? Hicho kiti?"

Akaruka.

Nimefanya kazi Wizarani miaka yangu yote ya utu uzima na sijawahi kusikia sauti kama ile. Chubwi. Jaketi likamrudisha juu, macho yamemtoka, anatema maji, na kwa muda kidogo alionekana kama mtu ambaye amegundua kwamba alikuwa na mwili. Kisha akapiga mikono vibaya mno, akajivuta hadi kwa Malkia, akaweka kiganja juu ya pua yake, akampa salamu ya jioni.

"Mwiriwe, mama."

"Mwiriwe, mwanangu," akasema Malkia. "Maji iko poa?"

"Iko baridi." Akacheka. "Iko muzuri."

Jua likazama. Chini ya mashua maji yakaanza kumetameta, sambaza kwa maelfu wanarudi, na wapiga kasia wakapiga mluzi mpaka milima ikajibu.

Mheshimiwa Hakizimana alisubiri mluzi uishe. Kisha akatangaza kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Ukavu, mtu aliyelowa hawezi kutawala Kando. Kiti kinakwenda kwa kiongozi mkavu wa cheo cha juu kuliko wote mashuani. Akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa chakula, ambao mimi nilidhani una ndizi, akatoa taji, akalivaa. Lilimtosha kabisa, kana kwamba lilipimwa. Nikapiga makofi. Ni kazi yangu.

"Donc we ndiye mufalme sasa?" akauliza Janvier.

"Ndimi."

"Na we ukilowa?"

"Kijana, mimi ni Waziri wa Ukavu."

Malkia wa Sambaza alicheka. Sijui kama mmewahi kumwona samaki wa ukubwa wa lori akicheka. Kicheko kinaanzia mdomoni, kinapita tumboni, kinaishia mkiani, na mkia wake ulikuwa ndani ya maji. Wimbi lililotoka hapo lilikuja bila pupa, likapanda mashua ya kulia, kwa sababu ndiyo yenye hadhi, likamfunika Mheshimiwa Hakizimana na utawala wake. Cheo kikamshukia aliyefuata kwa ukavu, ambaye alikuwa mimi, katika mashua ya kati. Nilikuwa Mfalme wa Kando kwa muda ambao wimbi linahitaji kuruka ubavu mmoja wa mashua. Nilitawala vizuri, bila rushwa wala vita. Baada yangu alitawala Afisa wa Midomo, aliyekuwa amehamia mashua ya kushoto, naye kwa muda mfupi zaidi.

Tulirudi Rubona bila serikali. Mwanamfalme alipewa kasia, akaimba njia nzima, na kwa kuwa sisi maofisa ndio tuliokaa tu, tuliimbwa sisi, mmoja mmoja, kwa majina.

Hali ilivyo leo ni kama ifuatavyo. Sambaza wako tele. Mama Malkia Kamikazi anaendesha mambo kutoka varandani, na hakuna aliyelalamika. Sheria inasema ofisa aliyelowa hurudishiwa cheo chake ikithibitishwa kwamba amekauka, na uthibitisho huo hutolewa na mtu wa kwanza kulowa, kwa maana tulipoandika tuliamini hatatokea kamwe. Kwa hiyo Wizara nzima tuko ufukweni Rubona. Mama Nyirasafari ametugawia nafasi juu ya vichanja vyake vya kuanikia, katikati ya sambaza. Mchana anapita kutugeuza.

Jana mteja mmoja alisimama mbele ya Mheshimiwa Hakizimana, akamtazama kwa muda.

"Hii kubwa ni samaki gani?"

"Hiyo usichukue, mama," akasema Nyirasafari. "Haina nyama, iko maneno tu."

Kila jioni Kenny anapita na kasia begani, akienda kwa Janvier, hana hata soksi. Anasimama kwenye kichanja cha Waziri, anashika mkono wa koti, anaukamua kidogo. Binafsi naona koti lile lilikauka siku nyingi, limeanza hata kupauka. Lakini mwenye mamlaka ni yeye.

"Bado," anasema. "Iko na maji kidogo." Na anakwenda ziwani.

Wakati zoezi hili likiendelea, wananchi wanaombwa wafunge paka wao.