Sketi ya Ukuta

Habari yenyewe ilikuwa ukurasa wa saba wa gazeti, chini kabisa, karibu na tangazo la magodoro, lakini Redio aliisoma kama anatangaza vita.

"Wataalamu wasema ukuta wa kijani hupunguza hasira nyumbani!"

Redio ni fundi wa saa na redio, na hilo jina lingemfaa hata angekuwa muuza mkaa, maana mtu huyu hana swichi. Sindano, fundi cherehani ambaye duka lake linatazamana na benchi la kahawa la Shangazi, alipaliwa.

"Kijani gani hicho?" aliuliza huku akikohoa. "Mimi ninacho ukuta mzima tangu jana, na hasira ndiyo kwanza imenipanda!"

Benchi zima likamgeukia, ikabidi aseme yote. Mkewe, aliyekwenda kumwuguza dada yake wiki tatu zilizopita, anarudi kesho saa sita mchana. Sindano alitaka akute sebule mpya. Akaingia duka la rangi, akapenda kijani kwenye picha ya kopo, na Brashi akapaka ukuta wa kwanza. Basi zile fremu za milango, mbao nzuri zilizopigwa vanishi ya wekundu wa kiza, zikageuka maini.

"Maini mabichi," alikazia Brashi, mpaka rangi mwenyewe, kama vile kopo lilijifungua na kujipaka lenyewe. "Lakini dawa ninayo. Nazipiga msasa, nazifunika na rangi nyeupe ya mafuta. Milango, madirisha, kila kitu. Hadi jioni hakuna ubao unaoonekana humo ndani."

"Na hadi kesho jioni hakuna mke humo ndani," alisema Shangazi, akimimina kahawa bila kuinua macho.

Fremu zile alizitengeneza baba mkwe wa Sindano kwa mikono yake, zawadi ya harusi, na ndiyo kazi yake ya mwisho kabla ya kufariki. Kwenye mlango wa sebule, usawa wa bega, mzee aligusa vanishi kabla haijakauka, na alama ya kidole gumba ipo mpaka leo. Mkewe hapiti pale bila kuigusa. Siku ya kuondoka alisema neno moja tu: "Mbao za baba ukizichezea, nitabaki hukohuko kwa dada."

"Rahisi!" alisema Redio. "Paka ukuta rangi ileile ya mbao. Juu, chini, pande zote."

"Kwa hiyo niishi ndani ya kabati?"

"Kijivu," alisema Karani, mstaafu anayekunywa kahawa akiwa amefunga vifungo vyote vya koti. "Ofisini kwetu miaka thelathini kuta zilikuwa za kijivu, hakuna aliyegombana na mtu."

"Hakuna aliyefanya kazi pia," alisema Brashi. "Nilikuja pale kutafuta cheti changu, nikamkuta mtu kalala juu ya mafaili!"

"Alikuwa anayalinda."

"Anakoroma?"

Benchi likacheka mpaka likayumba. Sindano hakucheka. "Jamani, mwenzenu naachika hapa, nyinyi mnanifanyia maigizo!"

Brashi akamwonea huruma kidogo. "Sikiliza, ndugu yangu. Kinachotuponza zaidi ni skatingi."

"Sketi?"

"Skatingi! Ule ubao wa chini, unaozunguka ukuta, nao wa mzee, wa vanishi ileile."

"Umesema sketi."

"Sindano, toa nta masikioni. Ska-ti-ngi."

Lakini Sindano alikuwa ameshasimama, kikombe mkononi, mdomo wazi. "Ukuta umevaa sketi," alisema polepole. "Sketi ya wekundu wa kiza, ameshona mzee. Mimi natafuta blauzi!"

"Kahawa imeshampanda kichwani," alinong'ona Redio.

"Nyamaza wewe! Miaka ishirini na sita wanawake wananiletea sketi niwatafutie blauzi. Nimewahi kumwambia mteja akaichovye sketi kwenye rangi? Sketi haiguswi! Unaitoa nje juani, unaijaribishia vitambaa mpaka mwenyewe unatabasamu. Brashi, nenda nyumbani kaniletee kile kipande cha skatingi kilichobaki nyuma ya mlango."

Kipande kikaja. Sindano akavuruga duka zima, akatoa vitambaa na kuviweka juu ya ubao, mlangoni, kwenye jua. Cheupe kilikwaruza macho. Cha samawati kilinuna. Kisha chini ya meza, ndani ya mfuko uliofungwa fundo, akavuta kitambaa cha rangi ya maziwa yaliyoonja chai kidogo. Alipokilaza juu ya ule ubao, wekundu ukachangamka, ukapata joto. Hata Karani alifungua kifungo kimoja.

"Mteja gani huyu kasahau kitu kizuri namna hii?" alisema Sindano, huku mkasi ukila kona. "Brashi, chukua hii, wakuchanganyie rangi kama ilivyo. Kimbia!"

Kesho yake saa saba benchi lilikuwa limejaa, na hakuna aliyekuwa akinywa. Mke wa Sindano alitokea upande wa pili wa barabara, bado na viatu vya safari, akaja moja kwa moja.

"Shemeji, pole na safari," alisema Redio kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kama anayo.

"Nimeshapoa." Macho yake yalikuwa na machozi. "Kidole cha baba kipo palepale. Na zile mbao, mume wangu, hazijawahi kupendeza vile, hata siku alipozileta."

Benchi likashusha pumzi, na kila mmoja akaanza kukumbuka kwamba wazo lilikuwa lake.

"Ila hiki nimekikuta dirishani." Akafungua kiganja. Ilikuwa ile kona ya kitambaa. "Hiki nilikuletea unishonee gauni. Mwaka juzi."

Karani akakumbuka dawa yake ya saa saba, akainuka. Brashi akakumbuka bati la mtu la kupaka rangi, akamfuata.

"Kila mwezi unaniambia wateja wengi. Ukuta umekuja jana, umeshavaa! Na sasa hata ukinishonea, nikikaa sebuleni nimelivaa, wageni watanionaje?"

Shangazi alicheka mpaka akaweka birika chini.

"Nitakushonea la rangi nyingine," alisema Sindano.

"Rangi gani?"

Akageukia benchi apate ushauri. Lilikuwa tupu, limebaki gazeti la jana, ukurasa wa saba.

"Ya mbao za mzee," alisema.

Mkewe akacheka na yeye. "Jumamosi nalivaa. Shangazi, naomba kahawa." Akaketi katikati ya benchi, mbele kabisa ya mlango wa duka, amwone akianza.