Twiga Aliyemkataa Sabra

Chumbageni,
Tanga.

Meneja,
Bustani ya Michezo Furahini,
Barabara ya Lungalunga,
Kenya.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUPANDISHWA KWA MSTARI MWEKUNDU KWENYE UBAO WENU WA TWIGA

Kichwa hicho kimeshasema nusu ya nililo nalo moyoni. Nusu iliyobaki ni hii, na nakuomba uisome ukiwa umekaa, umeshakunywa chai, kwa sababu niliiandika kwa hasira, kisha nikaisafisha mara kadhaa ili iwe na adabu.

Mimi naitwa Massoud Haroub, afisa mipango katika ofisi moja ya umma hapa Tanga ambayo sitaitaja, kwani haihusiki. Mke wangu ni Thuwaiba, mshonaji wa nguo za harusi, mzaliwa wa Pangani. Kwao mtu akiambiwa twende, huuliza wapi akiwa yuko njiani tayari. Watoto wetu wawili wakubwa wameshaondoka nyumbani kabla mipango ya safari zao haijakamilika. Amebaki kitinda mimba, Sabra, ambaye yuko darasa la pili.

Likizo ya mwezi wa sita tulifika kwenu kumpandisha Sabra treni ya watoto. Kijana wenu wa pale, ambaye kibandiko cha kifuani kilisema anaitwa Kristofa, alimsimamisha kwenye ubao wenye picha ya twiga, akaona utosi umepita mstari mwekundu, akasema kwa upole kwamba huyu ameshakuwa mkubwa, treni si yake. Maneno hayo machache yameniharibia kazi ya miaka mitatu. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mstari wenu unawaonea watu wanaopanga. Sabra alikuwa na miaka mitano alipoiona treni yenu kwenye simu ya mama yake, ya kijani, ina macho na meno, akasema anaitaka. Papo hapo Thuwaiba akasema kesho ni Jumamosi, twendeni. Mkoba alikuwa keshaushika. Nikamuuliza pasi za kusafiria ziko wapi, akasema watu chungu nzima huvuka mpaka wa Horohoro kwa hati ya dharura. Nikamweleza kwa utulivu kwamba sisi hatuna dharura. Mtu mwenye mpango kuomba hati ya dharura ni kudanganya serikali, tena serikali mbili kwa mpigo. Akanitazama juu chini, akarudisha mkoba kabatini, nami nikafungua jalada.

Tangu siku hiyo kila kitu kilifuata utaratibu: rasimu ya kwanza, maoni, rasimu ya pili, upembuzi yakinifu, kupisha Ramadhani, kupisha mwaka mpya wa fedha, kupisha masika. Sikukuu za Idi niliziondoa mapema, kwa sababu zinategemea mwezi kuandama, na mpango wa kitaalamu hauwezi kusubiri wingu lisogee. Muda wote huo mtoto aliendelea kurefuka bila kibali, na mstari wenu ulikaa palepale. Mmoja kati ya hao wawili alipaswa kunisubiri, na mtoto siwezi kumlaumu.

2. Mliniona, mkanyamaza. Mpango wowote wa maana hutanguliwa na ziara ya mafunzo, nami nilikuja kwenu peke yangu, kwa fungu la nyumbani, pamoja na posho ya kujikimu ambayo Thuwaiba aliipitisha shingo upande. Nilipanda karibu kila mchezo unaomruhusu mtu mzima asiye na mtoto, kwa niaba ya familia. Nilionja aiskrimu za rangi zote ili kubaini ile isiyochafua nguo. Nilipima kwa kamba kutoka ardhini hadi kwenye mstari wa twiga wenu, na niliporudi nyumbani nikaisimamisha kamba ile ubavuni mwa Sabra. Alikuwa chini bado, tena kwa mbali. Nikaandika kwenye taarifa kwamba hali inaridhisha.

Taarifa ilikuwa na picha nyingi. Sabra alizitazama zote, halafu akauliza kwa nini kila picha niko mimi tu. Nililipokea swali hilo na kuahidi kulifanyia kazi. Lakini ninyi, mnaoona watoto kila siku ya Mungu, mlishindwaje hata kuninong'oneza kwamba wakirudi mwakani hawawi walewale? Kristofa aliniona nikipima. Alinishikia ncha ya kamba.

3. Mnawakaribisha watu wa mkurupuko. Nina jirani, Mwinyijuma, fundi wa majokofu. Asubuhi moja, mswaki ungali mdomoni, aliwaambia wanawe waingie kwenye pikapu. Hakujua hata kama siku hiyo mnafungua. Walisahau viatu vya mtoto mmoja, wakapotea njia, wakala mihogo ya kuchoma barabarani, wakalala kwa mtu ambaye Mwinyijuma alikuwa ameswali naye alasiri tu, basi, ndiyo jamaa yake huyo. Wanawe walipanda treni yenu mpaka dereva akawajua kwa majina.

Sasa nakuuliza, Ndugu Meneja, mnaifundisha nini jamii? Mtu aliyekuja bila viatu vya mtoto amefurahi, na mimi niliyekuja na mchoro wa vyoo vyenu vyote, ukionyesha na kile kisicho na kitasa, nimekataliwa. Tangu hapo kila nikikutana na Mwinyijuma ananipa pole kwa sauti ya msibani. Hili linanidhuru hata kikazi, maana mtaa mzima unajua mimi napata riziki yangu kwa kupanga. Juzi dukani mtu kaniuliza kama mchele niliokuja kuununua nimeuombea kikao.

4. Mnaendesha burudani isiyo rasmi. Baada ya kutukataa, Kristofa alijitahidi, siwezi kumnyima haki yake. Alisema mtoto wa kimo kile anaruhusiwa michezo ya wakubwa, alimradi awe na mzazi. Nikamwonyesha ratiba. Asubuhi ile ilikuwa ya treni, na kubadilisha shughuli katikati ya utekelezaji kunahitaji kikao, na wakati huo theluthi ya wajumbe ilikuwa imekwenda chooni. Kwa hiyo tulikaa kwenye benchi mbele ya treni kwa muda wote uliotengewa treni, tukiitazama ikizunguka na watoto wa watu. Thuwaiba aliporudi na kuambiwa tunafanya nini, alikunja mikono akasema maneno ambayo nayanukuu kwa ruhusa yake: “Bwana, wewe hata pepo ikifunguliwa utaomba kwanza ramani.”

Ubaya haukuishia hapo. Nyuma ya benchi, bomba lenu la kumwagilia maua lilikuwa limepasuka. Sabra aliondoka bila kuaga, akavua viatu, akaingia kwenye maji yale pamoja na watoto asiowajua, wakawa wanaliziba kwa nyayo na kuliachia liwarukie usoni. Alicheka kicheko ambacho nyumbani sijapata kukisikia. Mama yake naye akapandisha buibui magotini akaenda. Mimi nilibaki na mizigo.

Nimelipitia tangazo lenu mstari kwa mstari. Bomba hilo halimo. Inakuwaje bustani inayojiheshimu iruhusu furaha isiyo na kiingilio, isiyo na foleni wala kipimo cha urefu, hatua chache tu kutoka kwenye furaha iliyopangwa? Safari nzima ya kurudi mtoto hakuzungumzia kitu kingine. Mbele ya afisa wa mpakani, aliyemuuliza tu habari za safari, alieleza bomba mwanzo mwisho. Naomba lizibwe. Kama fundi hapatikani, basi liwekewe muda maalumu wa kupasuka, ili na sisi wengine tuweze kuliingiza kwenye ratiba.

5. Hili la tano nimelifuta na kuliandika upya. Mpango wangu una ukurasa wa hatari zinazoweza kujitokeza. Humo niliandika mvua, foleni ya mpakani, kutapika garini, mtoto kupotea, treni kuharibika, na bustani yenu kufilisika, uniwie radhi. Sikuandika kukua.

Siwezi kujitetea kwamba sijui. Wakubwa zake nao niliwapangia. Wa kwanza, Mwanamkasi, nilikuwa bado nachagua msimu alipokuja kuposwa. Abdulhakim aliondoka kwenda kutafuta maisha rasimu yake ikiwa mezani, na sasa nikimpigia simu ana haraka. Sabra ndiye wa mwisho. Nyuma yake hakuna mwingine anayekuja. Nilitaka tukae behewa moja, magoti yamenifika kifuani, nipige ile kengele wanayopiga wazazi treni inapopita chini ya daraja, naye anione naipiga. Mara moja tu. Siku ile kwenye benchi niliihesabu kengele ikipigwa na baba za watu wengine mpaka nikaacha kuhesabu. Iliniuma, Ndugu Meneja, na bado inaniuma. Ndiyo sababu halisi ya barua hii, hayo mengine ni maelezo.

Kwa kuzingatia yote hayo, naomba yafuatayo. Kwanza, kimo cha Sabra kihesabiwe kuanzia siku mpango ulipopitishwa, na si siku alipofika kwa twiga, kwa sababu ucheleweshaji ulitokana na umakini na mtu haadhibiwi kwa umakini. Pili, kama hilo ni zito, mstari mwekundu upandishwe kwa alasiri moja tu, na twiga achorwe upya shingo ikiwa ndefu kidogo. Twiga hatadhurika. Tatu, kama na hilo halimo katika uwezo wenu, nipewe barua yenye mhuri inayosema kwamba kosa lilikuwa la twiga na si la mpango, iandikwe kwa Thuwaiba, nakala kwa Mwinyijuma. Nne, wakati maombi haya yakishughulikiwa, mtoto asirefuke zaidi. Najua hili la mwisho haliko chini ya mamlaka yenu. Nimeliweka ili lionekane kwenye kumbukumbu kwamba kuna mtu aliomba.

Sikuharakishi. Jibu likifika robo ya kwanza ya mwaka ujao nitakuwa nimeshaandaa rasimu ya shukrani na rasimu ya masikitiko, nitatuma ile itakayofaa.

Nisalimie Kristofa, ambaye hana kosa, na dereva wa treni, na yule mama wa aiskrimu, na mtunza maua, ambaye natumaini hakuadhibiwa kwa ajili ya bomba. Thuwaiba anakusalimu, ingawa amesisitiza kwamba salamu zake zisichukuliwe kuwa ameunga mkono hoja. Sabra anakuamkia, shikamoo.

Wako katika utaratibu,

Massoud Haroub
Afisa Mipango

Nyongeza:

Kabla ya kuifunga bahasha nilimpa Sabra barua hii anisomee kwa sauti, azoee kusoma mwandiko wa mkono. Alisoma akifuata kwa kidole hadi lile la tano, akaishia hapo. Halafu akasema kwamba pale kwenye twiga alisimamia vidole.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema ile treni ni ya watoto wa chekechea, na alikuwa anataka kuniambia tangu mwaka jana, ila aliogopa nitaanza mpango upya.

Nikaleta futi ya mama yake ya kushonea na ile kamba yangu ya ziara, nikampima ukutani, bila viatu, visigino chini. Hajafika kwenye mstari wenu. Kwa hiyo, kitaalamu, mpango wangu ulikuwa sahihi toka mwanzo hadi mwisho, na twiga, na Kristofa, na wewe mwenyewe hamna kosa lolote. Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili na sikuipenda. Katika rasimu zile zote nilipokea maoni ya mke wangu, ya mama mkwe, ya afisa mwenzangu wa takwimu. Yule mwenye safari sikumuuliza tena tangu alipokuwa na miaka mitano.

Leo nimemuuliza. Anataka lile gurudumu kubwa linalopanda hadi juu ya minazi. Ndilo pekee nililoliruka kwenye ziara ya mafunzo. Kwenye taarifa niliandika kwamba lilikuwa kwenye matengenezo, na haikuwa kweli, Ndugu Meneja, lilikuwa zima, likizunguka vizuri kabisa, nikalitazama kwa chini mara moja nikaenda kununua aiskrimu.

Kwa hiyo futa maombi yote manne. Barua hii nitakupa mkononi mimi mwenyewe, maana Thuwaiba yuko mlangoni na mimi bado natafuta shati. Nimemwambia Sabra kwamba kule juu baba yake anaogopa sana. Amefikiri kidogo, akasema nisijali, atanishika mkono.