Masikio Yangu na Mguu wa Bibi Mariyakutty

Jumatatu, 3 Juni
Nimeula! Mwalimu Sosamma katugawia fomu. Kila mwanafunzi wa uuguzi aseme anajifunza kwa kutumia nini: macho, masikio au mikono. Jisha kajaza mikono. Kwisha habari yake! Wa mikono ndio wa kugeuza wagonjwa na kumwaga mikojo. Mimi Lijo nimejaza masikio. Nimepewa kiti na daftari, nimsikilize Bibi Mariyakutty wa kitanda cha nane, aliyevunjika nyonga.

Jumanne, 4 Juni
Mvua tangu alfajiri. Wodini kila mgonjwa ana ndugu wa kulala chini ya kitanda chake, ila Bibi. Mwanawe yuko Kuwait. Bibi kanisimulia padri wao alivyotumbukia kisimani. Mbavu sina! Kisha akasema mguu wa kushoto mzito, mjukuu wangu, hebu ushike uone. Nikamwambia mimi ni wa masikio. Nikaandika: mguu mzito. Mwandiko safi kabisa.

Alhamisi, 6 Juni
Mguu tena. Asubuhi na jioni. Nimeandika mara zote mbili, kwa wino mwekundu. Jisha kapita na beseni, akaniuliza kama nimeota mizizi kwenye hicho kiti. Wivu huo! Bibi kanipa nusu ya embe lake. Kasema sasa mimi ndiye ndugu yake hapa. Nilifurahi, sikatai.

Ijumaa, 7 Juni
Jisha kaja kubadili shuka. Kagusa mguu mara moja tu, akapiga ukelele. Umevimba, unawaka moto! Madaktari wakaja mbio. Damu ilikuwa imeganda mguuni, ikapanda hadi mapafuni. Saa tisa alasiri Bibi akakata roho.
Nusu ya embe bado iko kabatini. Nimelia chooni, nimelia sana.

Jumatatu, 10 Juni
Mwanawe kafika. Kauliza nani alikuwa na mama. Nikasema mimi. Akanishika mikono yote miwili, akashukuru kwamba hakuwa peke yake. Heri angenizaba kofi.
Mwalimu Sosamma kasoma daftari. Kaniuliza, mguu umeandikwa mara tatu, mkono wako ulikuwa wapi? Nikajibu ulikuwa unaandika. Akalifunga daftari. Kisha akatugawia fomu upya.
Nimefikiri sana, machozi yakidondokea karatasi. Masikio ndiyo yaliyoniponza. Safari hii nimejaza macho.
Wa macho nao wanapewa kiti.