Nilivyoilinda Pampu ya Mbita

Jumatano, 4 Juni
Kikundi chetu cha simu, Walinzi wa Mitambo, kimechafuka. Watu mia nne, wote wataalamu! Wanasema wadukuzi, hawa wezi wanaoingia kwa mitambo kupitia mtandao, sasa wanazima maji ya miji mizima. Nikauliza kama Mbita iko kwenye orodha. Jirani yangu Nyamweya, mwalimu mstaafu, akajibu mbele ya watu wote kwamba wadukuzi wana adabu, hawasumbui wazee. Mjinga mwenye cheti!

Mimi sicheki. Miaka thelathini mke wangu Mellen alipanda huu mlima na maji ya ziwa kichwani. Goti likaisha. Tangu pampu ije, mfereji uko mlangoni na mama huyu anaimba akiosha vyombo. Mtu aguse hiyo pampu aone.

Alhamisi, 5 Juni
Dawa imepatikana! Mtu ameandika kikundini: mtambo usiofikiwa na mtandao hauingiliki. Nimeteremka kwa pampu. Juu ya paa kuna antena ndogo, uchi kama mtoto. Nikaifunika na sufuria kubwa ya Mellen, nikafunga waya. Nikaandika: Mbita iko salama. Mioyo sitini na moja! Nyamweya hakutuma hata mmoja.

Ijumaa, 6 Juni
Mfereji umekauka. Na leo ni siku ya maandalio! Jua likizama ni Sabato, hakuna kuchota. Nyamweya ametangaza kikundini kwamba wadukuzi wamefika. Cliff, fundi wa pampu, amepiga kutoka Homa Bay. Kumbe kila alfajiri yeye huiwasha kwa simu, kupitia antena. Hii hakuna mtu aliniambia!

Nipande niitoe sufuria sasa? Watu wamejaa pale chini wakilaani. Ningepigwa.

Mellen akashika ndoo. Nikamnyang'anya. Safari sita, ndoo kichwani! Vijana wakapiga miluzi. Nyamweya akauliza baba yangu anataka ng'ombe wangapi wa mahari.

Jumamosi, 7 Juni
Kutoa sufuria ni kazi, na Sabato si ya kazi. Amri ni amri. Shingo imekwama. Mellen akaikanda na mafuta, akaniuliza polepole, Baba Marcella, sufuria yangu iko wapi? Nikasema labda wadukuzi. Akacheka mpaka akashika goti. Kumbe kutoka mlangoni kwetu paa la pampu linaonekana lote. Alijua tangu jana asubuhi! Anasema alitaka kuona kama nitafika safari ya saba. Halafu akaendelea kukanda, muda mrefu kuliko shingo ilivyohitaji.

Jumapili, 8 Juni
Nimeitoa kabla watu waamke. Maji yamekuja. Mellen ameniapisha nitoke kwa kile kikundi. Nimetoka, ameona kwa macho yake.

Nimeingia kingine. Hiki ni cha umeme. Huku wanasema wadukuzi wanapitia kwa mita! Taa zikizima, si Mellen atagonga goti gizani? Nimeichungulia mita yetu pale ukutani. Maskini, haina hata shuka.

Kesho mama ana kwaya. Nafasi itatosha.