Hotuba ya Kuzindua Kiwanda cha Mkurugenzi wa Darasa la Pili

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ameomba udhuru, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye udhuru wake umenifikia asubuhi hii kwa njia ya simu, mimi mwenyewe, Mratibu Mkuu Mwandamizi wa Programu Jumuishi ya Ujasiriamali wa Watoto Wadogo, ninayewawakilisha hao wote wawili na kwa hiyo nastahili makofi ya watu watatu (makofi ya mtu mmoja), Mwalimu Mkuu wa shule hii, Mwalimu wa darasa la pili, uliyesimama mlangoni kama askari ilhali kiti chako kipo, Fundi Seremala, Fundi Cherehani, ndugu Mpiga Picha, sogea huku, huku ndiko upande wangu mzuri, wazazi, walezi, wadau wa maendeleo, wadau wa kawaida, na ninyi watoto wa darasa la pili mliokaa chini kwenye varanda: itifaki imezingatiwa, na aliyesahaulika ajihesabu amekumbukwa.

Ndugu zangu, kabla sijaanza naomba nianze kwa takwimu, kwa sababu kiongozi asiye na takwimu hana tofauti na jirani anayepiga soga. Mwaka jana, katika eneo letu zima, idadi ya wakurugenzi watendaji wenye umri wa chini ya miaka minane ilikuwa sifuri. Leo hii, chini ya uratibu wangu, ni mmoja. Nilipoingiza ongezeko hilo kwenye kikokotoo ili nipate asilimia, kikokotoo kikaandika neno "kosa", na wataalamu wangu wakanifafanulia kwamba hiyo ni dalili ya ukuaji uliopita uwezo wa mashine. (Makofi. Sauti kutoka nyuma: "Kinunulieni betri!")

Asante kwa mchango huo, umepokelewa, na utafanyiwa kazi.

Sasa basi, mkurugenzi huyo ni nani? Ni huyu hapa, aliyeketi mkono wangu wa kulia, kwenye kiti cha enzi tulichoazima ofisini kwa Mwalimu Mkuu, miguu ikining'inia, amevaa koti la suti nililomwazima mimi mwenyewe, mikono yake ikimfika magotini. Ana umri wa miaka saba. Meno yake mawili ya mbele yapo likizo. Nyumbani wanamwita Chiriku kwa sababu ya kusema sana, lakini kuanzia leo ataitwa Mkurugenzi Mtendaji. Mkurugenzi, simama uwapungie mkono wananchi. (Chiriku anapiga mwayo. Mkono hauonekani, linapunga koti tu.)

Ilikuwaje nikaibua kipaji hiki? Swali zuri, nashukuru nimeliuliza. Wiki tatu zilizopita nilikwenda kwa mama yake, mtengeneza sabuni mnayemfahamu, kuchukua vipande viwili vitatu kwa matumizi ya kiofisi (sauti: "Ya kuogea!"), ambayo pia ni matumizi ya kiofisi kwa mtu ambaye mwili wake ni ofisi ya umma. Nikamkuta mama yuko chumba cha nyuma, mtoto mchanga mgongoni, anakata sabuni kwa waya, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Na kando ya mlango, juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameketi binti huyu, ulimi nje, anaandika. Nikasimama. Nikasema moyoni, huyu si mtoto, hii ni menejimenti!

Nikalichukua daftari. Ninalo hapa, na naomba ninukuu ukurasa wa nne: "Mwenye duka alikuwa na mayai tisa. Akaletewa mengine manne. Sasa ana mayai kumi na matatu." Ndugu zangu, hii ni taarifa ya mapokezi ya mzigo, imeandikwa kwa mkono ulionyooka, na imekaguliwa kwa kalamu nyekundu, na mkaguzi akaweka alama ya vema! Ni mashirika mangapi makubwa yaliyowahi kukaguliwa yakapata vema?

(Mwalimu wa darasa la pili: "Mheshimiwa, hiyo ni kazi ya nyumbani. Kalamu nyekundu ni yangu.")

Nakushukuru, Mwalimu, kwa kukiri hadharani kwamba ulishiriki katika ukaguzi. Naendelea, ukurasa wa tano: "Mwenye duka alikuwa na sabuni kumi na mbili. Akauza tano. Zimebaki ngapi?" Halafu pengo. Hakuna jibu! Nililala na swali hilo, nikaamka nalo. Nikaitisha kikosi kazi. Kikosi kazi kikakaa siku mbili hotelini, kikaja na hitimisho kwamba wakurugenzi wa viwango vya juu huwa hawaweki hadharani siri za ghala.

(Mwalimu: "Hajajibu kwa sababu ulimpokonya daftari kabla hajamaliza. Na tangu hapo hajakanyaga darasani. Wenzake wamejifunza hesabu za kutoa wakiwa hapo varandani, yeye ulikuwa naye kwenye mazoezi ya kupunga mkono.")

Mwalimu, hoja yako ni ya kitaaluma mno, iwasilishe kwa maandishi, nakala tatu.

Tuje kwenye kiwanda. Mnaouona nyuma yangu, wenye utepe mwekundu, ni mlango wa Kiwanda Kielelezo cha Sabuni cha Mtoto Mjasiriamali. Nasikia maneno ya chini chini kwamba hilo ni darasa la pili. Ndugu zangu, hayo ni mawazo mgando. Lilikuwa darasa la pili. Limebadilishiwa matumizi. Ndani yake zimesimikwa mashine tatu za kisasa zenye pedeli... (Sauti ya mwanamke: "Vyerehani vya nini kwenye sabuni?") Dada yangu, hiyo inaitwa teknolojia mtambuka, na kama huielewi tutakuandalia semina. (Fundi Cherehani: "Mheshimiwa, nina sare za watu za kumalizia. Umesema hadi saa nne tu.") Fundi, saa nne ya kiserikali haijafika.

Na hapa mezani, mbele ya macho yenu, kuna zao la kwanza la kiwanda: sabuni kumi na mbili, zenye harufu ya mchaichai, zilizotengenezwa na Mkurugenzi kwa mikono yake mwenyewe. (Chiriku: "Katengeneza mama. Mimi nilikata hii moja yenye umbo la samaki.") Mnaona unyenyekevu huo? Hata sifa hataki! Mwanangu, sema sasa yale maneno tuliyofanyia mazoezi, sema kwa sauti.

(Chiriku anasimama juu ya kiti. "Mimi ni... mimi ni kijana mwekezaji na... na mnyororo..." Anamwangalia mama yake. "Nimebanwa na mkojo.")

(Kicheko kikubwa.) Msicheke! Mkurugenzi ametoka kwa safari fupi ya kikazi. Mama, msindikize. Wakati tunamsubiri, niseme jambo la kisera. Wapo wanaouliza, na kuuliza ni haki yao ya kikatiba mradi wasitarajie jibu, kwamba je, mtoto mdogo afanye biashara? Nami nawauliza, kwa nini achelewe? Miaka saba yote hiyo amekula, amelala, amecheza, ametumia rasilimali bila tija yoyote! Kucheza mpira kunaongeza nini kwenye mnyororo wa thamani? Kuruka kamba kunazalisha kipi? Ndiyo maana andiko langu la mradi linapendekeza kwamba muda wa mapumziko shuleni ugeuzwe kuwa muda wa mauzo, na usingizi wa mchana kwa watoto wa chekechea ufanyiwe upembuzi yakinifu ili ubainike unamnufaisha nani. (Mtoto mchanga analia mahali fulani.) Hata huyo akikua atanishukuru.

(Chiriku anarudi na mama yake, mikono imelowa. Koti limebaki chooni, limetundikwa kwenye msumari.)

Tumefika sasa kwenye kilele. Nina hapa fomu. Ni fomu nyepesi, kurasa sita tu, ya ridhaa ya mzazi, ili Mkurugenzi aambatane nami muhula mzima katika ziara ya maeneo kumi na mawili, akiwa kielelezo hai, tutoke saa kumi na moja alfajiri, turudi itakavyowezekana. Masomo atayafidia pale ratiba itakaporuhusu, na ratiba nimeishaiona, haitaruhusu, lakini tumeweka kipengele. Mama, njoo mbele. Kalamu hii hapa. Mpiga Picha, jiandae, nataka kalamu ikigusa karatasi na mimi niwe natabasamu. Mama, usiwe na hofu, weka sahihi hapa penye msalaba.

(Mama mtengeneza sabuni anasogea, mtoto mchanga mgongoni. Anaisoma fomu. Anaisoma ukurasa kwa ukurasa.)

Mama, huna haja ya kusoma, tumeshasoma kwa niaba yako.

(Mama: "Mheshimiwa, shikamoo. Mimi sina maneno mengi, usiku sijalala, huyu mdogo anaota meno. Mwanangu ananisaidia kupanga sabuni, hilo sikatai, na nikiwa naye pale moyo wangu unatulia. Kwenye kostiki, ile dawa ya sabuni inayounguza, simruhusu kusogea hata hatua moja. Na akichoka anaacha, anakwenda kucheza. Sasa huyu mkurugenzi wako, akichoka, anaruhusiwa kuacha?")

Mama, mkurugenzi hachoki, anakabiliwa na changamoto.

("Basi tafuta mwingine. Mimi wangu anachoka." Anachukua kalamu.)

Hewaa! Mpiga Picha, piga, piga! Kalamu imechukuliwa!

(Anachukua na daftari kutoka mkononi mwa Mheshimiwa. Vyote viwili anampa Chiriku. "Haya mama, shika vitu vyako. Biashara utafanya ukijua zimebaki ngapi.")

Mama! Mama, rudisha nyaraka za serikali! Haya, tusigombane mbele ya kamera. Wananchi, mlichokiona ni igizo fupi lililoandaliwa na programu kuonesha changamoto za mila potofu. Lilipendeza sana, makofi tafadhali. (Makofi mengi, lakini kila mtu amemgeukia mama.) Asanteni, asanteni, yananitosha.

Mtoto ni...? (Watu wanaanza kuinuka.) Tulisema mtajibu "mtaji". Tujaribu tena mbele ya safari.

Sasa nitoe shukrani, na naomba watu watulie, mbona mnasimama? Kwanza, namshukuru Fundi Seremala kwa ubao ule mzuri wa jina la kiwanda, ambao ametuazima hadi adhuhuri, kwani upande wake wa nyuma umeandikwa "Kituo cha Ufugaji Nyuki" na unahitajika jioni kwenye uzinduzi mwingine. Pili, namshukuru Fundi Cherehani kwa mashine za kisasa, na naomba asizitoe wakati naongea. (Fundi Cherehani na vijana wake wanapita na cherehani cha kwanza.) Fundi! Angalau pita nyuma ya Mpiga Picha!

Tatu, namshukuru Mwalimu wa darasa la pili kwa kukubali... Mwalimu, mbona unawafungulia watoto huo mlango? Utepe huo unakatwa na mimi! Mkasi uko wapi? Nani kachukua mkasi? (Fundi Cherehani, kwa mbali: "Ni wangu, Mheshimiwa!") Mtu yeyote asiguse utepe!

(Hakuna anayeugusa. Chiriku anainama, anapita chini yake. Watoto thelathini na wanane wa darasa la pili wanajipangusa vumbi la varanda na kumfuata mmoja mmoja. Kimo chao kinatosha. Mtoto wa mwisho anarudi mbio, anazoa zile sabuni kumi na mbili kutoka mezani ndani ya sweta lake, na kutokomea nazo.)

Bidhaa! Bidhaa za maonesho! Haya, niendelee na shukrani. Nne, nawashukuru wafadhili, ambao tutawajua watakapopatikana. Tano, naishukuru bajeti, ambayo ilikuwepo. Na mwisho kabisa, kwa uzito wa pekee, namshukuru ndugu yetu Mpiga Picha, kwa sababu, tuseme ukweli baina yetu sisi watu wazima, yeye ndiye kiwanda chenyewe. Mimi ripoti ya kukamilika kwa mradi niliituma tangu mwezi uliopita, nikasifiwa kwa kumaliza kabla ya muda, wakaomba tu picha za viambatisho. Kwa hiyo mradi wetu umekamilika kwa asilimia mia moja, na mara tu fursa ikipatikana, utaanza. (Mwalimu Mkuu amekuja kuchukua kiti chake.)

Mnakwenda wapi? Bado kuna kaulimbiu! Waliobaki, mkono juu! Wewe pekee? Aa, wewe ni Mpiga Picha. Haya, sote kwa pamoja, kwa sauti moja. Ujasiriamali oyee! (Kutoka ndani ya darasa, viti vinaburutwa.) Mtoto mjasiriamali juu! Juu! Juu zaidi! (Sauti ya Mwalimu, ndani: "Weka zote kumi na mbili hapo mezani, hata ile ya samaki. Sasa ondoa tano. Usiwahi, hesabu taratibu, hatukimbizwi na mtu.") Uchezaji chini! Usingizi chini! (Dirishani, mama mtengeneza sabuni ameegemeza paji la uso kwenye nondo, anachungulia. Mtoto mchanga amelala.)

Kwa mara ya mwisho, nijibuni kwa nguvu, wanisikie hadi makao makuu! Mtoto ni...?

(Kutoka ndani, sauti moja, yenye pengo la meno mawili: "Saba!" Kisha makofi ya watu thelathini na wanane, marefu kuliko yote ya asubuhi ile.)

Asanteni sana kwa kunisikiliza.